Umealikwa harusi ya kimila ya Waxhosa: maswali ambayo wageni wa Afrika Mashariki huuliza mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu hasa wanaokwenda harusi ya kijijini katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini: mfanyakazi mwenzako anaoa, rafiki wa chuo anaolewa, au kaka yako amempata mchumba huko. Familia hutofautiana, na Wathembu, Wampondo, Wagcaleka na wengine wanaozungumza Kixhosa kila mmoja ana namna yake. Mwenyeji wako akisema tofauti na ukurasa huu, mfuate yeye.

## Mambo ya kwanza

Harusi ya kimila ni nini, na inatofautianaje na ile ya kanisani?

Siku uliyoalikwa ni hatua moja tu katika safari ndefu. Kwanza wazee wa upande wa mwanamume hutumwa kuposa, kisha mahari hujadiliwa, halafu bibi harusi husindikizwa hadi kwa wakwe, anapokelewa, anapewa nasaha na jina jipya, na anaingizwa rasmi katika ukoo. Hatua zote hizo kwa pamoja ndizo ndoa.

Familia nyingi siku hizi hufanya yote mawili. Jumamosi kunakuwa na kanisa, suti na gauni jeupe, mara nyingi kwa upande wa bibi harusi. Kesho yake watu wanahamia kwa bwana harusi kwa ajili ya mila. Muulize mwenyeji wako mapema umealikwa siku ipi na nyumba ipi. Nyumba hizo mbili zinaweza kuwa mbali sana, na anayekwenda kwenye siyo atakuta masufuria yanaoshwa.

Hufanyika wakati gani na wapi?

Desemba ndiyo mwezi wenyewe. Waxhosa wengi wanafanya kazi Cape Town, Johannesburg na Gqeberha (zamani Port Elizabeth), na mwisho wa mwaka hurudi makwao, kwa hiyo harusi hupangwa wakati ukoo mzima upo. Pasaka ni msimu wa pili. Mahali huwa ni nyumbani kwa ukoo, hata kama maarusi wamezaliwa na kukulia Langa au Khayelitsha, vitongoji vya Cape Town. Zizi la ng'ombe lipo kijijini, na bila zizi mambo mengi hayaendi.

Desemba hiyohiyo ndiyo msimu wa vijana kurudi kutoka jandoni, kwa hiyo utakuta sherehe nyingine kijiji jirani. Usizichanganye, na mambo ya jando usiyaulize hadharani. Ni siri ya wanaume, na wanaona vibaya sana mtu wa nje akiyachokonoa.

Sina kadi. Naweza kwenda?

Kijijini kadi si kitu. Jirani anakuja kwa sababu ni jirani. Lakini wewe si jirani, kwa hiyo lazima uwe mgeni wa mtu: mtu mmoja wa familia anayejua unakuja, atakayekutambulisha kwa wazee na kukuonyesha pa kukaa. Hili ni muhimu kuliko yote yaliyomo kwenye ukurasa huu. Mgeni aliyeletwa na mtu wa nyumbani husamehewa karibu kila kosa. Aliyejileta kutazama tu huachwa asimame peke yake kando ya uzio.

Mahari itatolewa siku hiyo?

Kwa kawaida hapana. Mahari, yaani lobola au ikhazi, hujadiliwa mapema na washenga wanaoitwa oonozakuzaku, ambao ni wanaume wazima wa ukoo wenye ulimi na subira. Huhesabiwa kwa ng'ombe hata pale inapolipwa kwa randi: pande mbili hukubaliana kila ng'ombe ana thamani gani. Si lazima yote iishe kabla ya harusi, na deni linaweza kubaki miaka kadhaa bila ugomvi. Usiulize ng'ombe walikuwa wangapi. Ukiambiwa, sikiliza na usitoe bei ya kwenu.

## Safari na malazi

Nafikaje huko kutoka Nairobi au Dar es Salaam?

Utapitia Johannesburg, kwenye uwanja wenye jina la Oliver Tambo, ambaye mwenyewe alizaliwa Nkantolo karibu na Bizana, ndani ya jimbo hilohilo unalokwenda. Toka hapo unganisha ndege hadi East London, Mthatha au Gqeberha, kutegemea kijiji. East London hadi Mthatha ni kama kilomita 230 kwa barabara ya N2. Baadaye utaacha lami, na kilomita za mwisho mara nyingi ni changarawe na mashimo. Desemba mvua za radi hunyesha mchana, na barabara ya udongo inaweza kufungwa kwa saa kadhaa.

Usiendeshe gari usiku. Ng'ombe, mbuzi na punda hulala barabarani, na msimu wa sikukuu kuna madereva wengi waliochoka kwa kutoka Cape Town, mwendo wa kama kilomita 1,200.

Nahitaji viza?

Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania huingia kwa matembezi bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Wa nchi nyingine waulize ubalozi mapema. Ukitokea Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Nitalala wapi?

Waachie wenyeji. Ukipewa nafasi kwenye nyumba ya duara, godoro chini na wenzako watano, kubali. Hapo ndipo utakaposikia umbholorho, nyimbo za vijana za usiku wa kuamkia harusi, zinazopigwa kwa makofi na vishindo vya miguu mpaka karibu alfajiri. Anayelala hotelini mjini anakosa sehemu ambayo mimi naipenda kuliko ngoma ya mchana. Kama afya yako haikuruhusu, sema mapema na hakuna atakayeudhika. Beba tochi, sweta (usiku kwenye vilima huwa baridi hata kiangazi), na noti ndogondogo za randi.

Nimesikia wageni Waafrika hushambuliwa Afrika Kusini. Nitakuwa salama?

Hofu hii ina msingi. Mwaka 2008 na tena 2015 wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walishambuliwa na kuuawa, zaidi katika miji na vitongoji vyake. Kwenye boma la harusi hali ni nyingine kabisa: wewe ni mgeni wa nyumba, na aibu ya mgeni kudhuriwa ingeangukia ukoo mzima. Tahadhari iweke njiani. Safiri mchana, usizurure peke yako kwenye vituo vya teksi vya mjini, na umwombe mwenyeji atume mtu akupokee.

## Mavazi

Mwanamke avae nini?

Gauni au sketi iliyovuka magoti, kitambaa kichwani, na kitu cha kufunika mabega. Suruali iache kwenye begi. Wanawake wa huko hujifunga pia shali au hata taulo kiunoni wanapokuwa kwenye shughuli za ukoo, kama ishara ya heshima. Hapa dada zetu wana bahati: khanga moja kiunoni na nyingine mabegani inatimiza masharti yote, na kina mama watakuja kushika kitambaa na kuuliza kimetoka wapi.

Mwanamume je?

Suruali ndefu na koti. Koti ni la lazima kuliko tai, na wazee hulivaa hata kwenye joto. Kaptula ni ya watoto. Kofia vua unapoingia ndani au zizini.

Naweza kuvaa mavazi ya Kixhosa?

Unaweza, tena watafurahi, mradi ushauriane na mwenyeji. Nguo kuu ni umbhaco, pamba nzito nyeupe au yenye rangi ya udongo mwekundu, iliyoshonewa mistari myeusi kwenye pindo. Juu yake huja shanga za shingoni, kichwani na mikononi. Tatizo ni kwamba baadhi ya shanga na namna za kufunga kilemba huonyesha kama mtu ameolewa, ana watoto, au ni mganga. Nunua nguo ya kawaida kwa fundi anayejua na umwambie wewe ni mgeni. Kuna pia shweshwe, kitambaa cha pamba chenye maua madogo ambacho kwa miaka mingi kimechapwa na kiwanda cha Da Gama huko Zwelitsha, karibu na Qonce. Gauni la shweshwe halimkosei mtu.

## Siku yenyewe

Ratiba ikoje?

Usitegemee saa. Tegemea mpangilio.

Alfajiri wanaume wanachinja, na kina mama wameshawasha moto chini ya masufuria ya miguu mitatu. Asubuhi au siku iliyotangulia unafika uduli, msafara wa bibi harusi: ndugu zake, marafiki, masanduku, mikeka na mablanketi ya zawadi. Hawaingii moja kwa moja. Wanasubiri mahali pao mpaka wapokelewe, na kusubiri kwenyewe kunaweza kuchukua muda huku nyimbo za pande mbili zikijibizana.

Baadaye bibi harusi hutolewa nje aonekane na wakwe. Amevikwa blanketi, macho chini, wenzake wamemzunguka, na anatembea polepole sana hadi uwanja ulio kati ya nyumba kubwa na zizi. Kwa baadhi ya familia hupewa mkuki, akauchomeka langoni mwa zizi. Hapo ndipo vigelegele hulipuka, na kina bibi ambao asubuhi walikuwa wakilalamika magoti utawaona katikati ya uwanja wanacheza na fimbo zao. Kuna kucheza kwa kundi, wanaume upande wao na wanawake wao, na mara nyingi kuna imbongi, malenga anayetaja sifa za ukoo kwa kasi ambayo hata wenyeji wengine hawaifuati yote.

Kisha huja ukuyala, nasaha. Maarusi hukaa chini na wazee husimama mmoja baada ya mwingine kuwaambia ukweli wa ndoa. Ni sehemu ndefu na wageni wengi huinuka kwenda kupiga picha. Nakusihi ukae. Mwombe jirani akutafsirie japo machache, kwa sababu yanayosemwa pale ndiyo kiini cha sherehe: jinsi ya kugombana bila kuaibishana, nani wa kumwendea mambo yakiharibika, na kwamba bwana harusi naye ana wazee wa kumwajibisha.

Utsiki ni nini? Naruhusiwa kuona?

Ndiyo hatua ya kumfanya bibi harusi kuwa mtu wa nyumba ile. Mbuzi au kondoo huchinjwa, naye hupewa kipande cha nyama pamoja na amasi, maziwa ya mgando ya nyumba hiyo, ambayo kabla ya hapo hakupaswa kuyagusa. Hupewa pia jina na wakwe zake, mara nyingi linaloanza na No-, kama Nokhaya, na tangu siku hiyo pale nyumbani ataitwa hivyo. Jifunze jina hilo ulitumie ukiwa pale. Utsiki mara nyingi hufanyika ndani, mbele ya watu wachache, na si lazima uwe siku hiyohiyo. Usipoitwa, usiombe kuingia.

Mbona bibi harusi hacheki wala kuzungumza? Analazimishwa?

Hapana. Makoti, yaani bibi harusi mpya, anatakiwa kuonyesha heshima: kitambaa kimeshushwa karibu na nyusi, anakaa chini kwenye mkeka, anaongea kwa sauti ndogo. Huepuka pia kutaja jina la baba mkwe, na kwa desturi ya zamani hata silabi zinazofanana nalo. Rafiki yako mcheshi wa ofisini yuko palepale chini ya lile blanketi. Usimwite kwa sauti wala kumkumbatia mbele ya wakwe. Utaongea naye baadaye.

Zizi lina masharti gani?

Zizi, ubuhlanti, ndipo wazee huongea na mizimu ya ukoo. Wanawake hawaingii, isipokuwa kwa ruhusa katika jambo maalumu, na siku za kawaida wake wa ukoo hukwepa hata uwanja ulio mbele yake. Mwanamume mgeni asiingie hadi aitwe. Ukiitwa, vua kofia, kaa ulipoonyeshwa, na weka simu mfukoni.

Nikiulizwa ukoo wangu, nijibu nini?

Utaulizwa, na mapema. Mzee atakusalimu, atakutazama vizuri, kisha: "Ungumni?" Anataka kujua isiduko chako, jina la ukoo. Waxhosa huitana kwa ukoo wanapotaka kuheshimiana. Nelson Mandela aliitwa Madiba kwa sababu hiyo, na watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Usiseme "sisi hatuna." Mhaya, Mluhya, Mchaga, Mkamba, wote wana ukoo, na hata Mswahili wa pwani anajua babu zake walitoka wapi. Taja ukoo wako na jina la babu au mnyama wenu wa mwiko kama mnaye. Nimeona mzee akilirudia jina la ukoo wa Kihaya mara tatu mpaka likamkaa, na tangu hapo mgeni yule hakuitwa kwa jina lingine siku nzima.

Lugha itanishinda?

Wengi wanajua Kiingereza, ingawa wazee wengine hawakitumii. Jua machache: "Molo" kwa mtu mmoja, "Molweni" kwa wengi, "Enkosi" kushukuru. Mwanamume mzima ni Tata, mwanamke ni Mama, wazee zaidi ni Tatomkhulu na Makhulu, kijana ni Bhuti au Sisi. Vidoko vya ulimi visikutishe. Jaribu, wakurekebishe, jaribu tena. Salimia kila kundi unalolikuta kabla ya kusema jambo lingine lolote.

Picha?

Ngoma na msafara, kwa ruhusa ya mwenyeji, sawa. Kuchinja, zizi na utsiki, hapana. Ndege za kamera zisirushwe bila familia kukubali.

## Chakula na vinywaji

Nitakula nini?

Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa chumvi tu, kwa wingi. Umngqusho, mahindi ya kukoboa na maharage, ambayo Mtanzania atayaita makande na Mkenya atayafananisha na githeri. Mkate mkubwa uliookwa kwenye sufuria juu ya makaa, mboga, viazi, na saladi za mjini. Umphokoqo, ugali uliovurugwa unaoliwa na maziwa ya mgando, huwa zaidi kesho yake.

Nyama hugawanywa kwa utaratibu. Wanaume wana sehemu zao, wanawake zao, wavulana zao. Subiri uletewe, na usihame kundi kufuata sahani nono.

Mimi ni Mwislamu. Nifanyeje?

Mweleze mwenyeji wiki kadhaa kabla, siyo sahani ikiwa mbele yako. Nyama itakuwa imechinjwa na wazee wa ukoo, mara nyingine kwa maneno ya kuwaelekea mizimu, kwa hiyo chukulia kwamba si halali. Umngqusho muulize mpishi kama umepikwa na nyama au mifupa. Mkate, mboga na matunda vinatosha kukushibisha. Kukataa nyama hakumuudhi mtu ukisema ni kwa ajili ya dini yako. Kinachoudhi ni kuipokea halafu kuitupa.

Pombe ni lazima?

Si lazima. Umqombothi hutengenezwa kwa mtama na mahindi, ni mzito, mchachu kidogo, na chombo kimoja huzungushwa kwa watu waliokaa. Ukifikiwa, pokea kwa mikono miwili, onja kama unakunywa, mpe anayefuata. Usiyekunywa pokea vilevile na umpitishie jirani. Kunywa ukiwa umekaa au umechuchumaa. Kusimama na chombo ni utovu wa adabu. Wanaume huwa na chupa za brandi pia, na jua la Desemba halina huruma kwa mgeni asiyejipima.

## Zawadi na kusaidia

Nipeleke nini?

Blanketi zuri ndilo zawadi isiyokosea. Vyombo vya jikoni na pesa kwenye bahasha vinafuata. Mkabidhi mwenyeji, atajua nani wa kumpa. Kanga, vikoi, kahawa na viungo kutoka nyumbani viweke kando kwa mama wa nyumba.

Na ushike kazi. Mwanamke mgeni anayechukua kisu na kumenya viazi na wenzake siku ya kabla atajua mambo ya ukoo ambayo mgeni wa heshima kwenye kiti cha plastiki hatayasikia kamwe. Mwanamume naye akabebe kuni na maji.

Wakiniomba niseme neno?

Kubali, uwe mfupi. Salimia wazee kwanza, taja ukoo wako, shukuru nyumba zote mbili, watakie maarusi heri, keti. Ukianza na wimbo wa kwenu wataudaka kabla hujamaliza ubeti.

## Mambo yenye utata

Mwanamume ambaye hakupita jando lao atakaa wapi?

Kwao, mwanamume ni aliyepita jandoni. Asiyepita huhesabiwa mvulana, awe na miaka 18 au 50. Wageni wa nchi nyingine kwa kawaida hupewa nafasi kulingana na umri na desturi za kwao. Mwachie mwenyeji akueleze mbele ya wazee. Ukielekezwa kukaa nje ya zizi, kaa hapo bila kubishana.

Mimi ni Mkristo na sitaki kushiriki mambo ya mizimu.

Waxhosa wengi ni Wakristo na swali hili wanalo wao wenyewe. Kuna familia zilizoacha sehemu fulani, na nyingine zinazosali na kuita mizimu siku moja. Watu wakiitikia "Camagu!", neno la kuheshimu mizimu, si lazima uitikie. Kaa kimya, usitoe mahubiri.

Ndugu yetu anamwoa Mxhosa. Sisi ndio upande wa bwana harusi. Tufanye nini?

Tafuteni mzee Mxhosa anayeheshimika awe mshenga wenu, kwani mazungumzo yana lugha na adabu zake, ikiwemo malipo madogo ya kufungua mdomo yanayoitwa imvulamlomo. Tumeni watu wazima, siyo bwana harusi mwenyewe. Ulizeni pia mapema bibi harusi atapokelewa nyumba gani, kwa kuwa boma lenu liko Moshi au Kakamega. Familia nyingi hukubali ndugu au rafiki mwenye boma hukohuko awapokee kwa niaba yenu.

Ndoa hiyo inatambulika kisheria?

Ndiyo. Sheria namba 120 ya mwaka 1998 ya kutambua ndoa za kimila ilianza kutumika tarehe 15 Novemba 2000. Inataka wote wawili wawe na miaka 18 au zaidi, wakubali kuoana kwa mila, na ndoa ijadiliwe na kufungwa au kusherehekewa kimila. Inatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi 3, ingawa kutoiandikisha hakuifuti. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Rufaa iliamua kwamba kukosekana kwa hatua ya kumkabidhi bibi harusi peke yake hakuibatilishi ndoa. Kwa mgeni, hata hivyo, cheti ni muhimu sana kwa mambo ya ukaazi: iandikisheni ndoa mapema, mkiwa na mashahidi wa pande zote mbili.

Nikitaka kuondoka kabla haijaisha?

Usitoroke. Mwambie mwenyeji, akupeleke kwa wazee wa nyumba uombe njia: "Ndicela indlela." Watakushikilia kidogo, wataongea, pengine watakuombea. Halafu mtu ataleta nyama na mkate vimefungwa kwa ajili ya safari. Pokea kwa mikono miwili, hata kama ndege yako inaondoka jioni hiyo na huna pa kuviweka. Dereva wako atajua la kufanya navyo. Kama huli nyama hiyo, angalia jibu la Waislamu hapo juu: sema wazi, na uombe mkate tu.